Michikichi Sita ya Pastory

Lile shamba la kijijini Simbo, Honorata alipewa kwa dharau. Mumewe alipofariki, shemeji yake Pastory alimwonyesha kipande cha changarawe tupu, ambacho hata muhogo ulikigomea. "Lima hapa, usije ukasema tumekutupa." Sisi majirani tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti.

Akapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde usioliwa. Yalipotoa maua akayafyeka, akayafukia yote. Tukasema mjane amechanganyikiwa, anapanda majani ili ayazike. Msimu wa pili akarudia. Wa tatu udongo ukawa mweusi, akapanda kabichi, na kati ya mistari giligilani na mrehani wa kufukuza wadudu. Wenye hoteli za Kigoma mjini wakawa wanamfuata shambani. Binti yake Elida akarudi shule.

Hapo Pastory akaja kwa upole. "Shemeji, naomba nipande michikichi sita mpakani, izuie upepo." Honorata akakubali. Tena, mjinga yule wa wema, akawa anaitandazia marejea mashinani. Ikanawiri kuliko michikichi yote ya Simbo.

Mwaka huu Pastory akaita wazee wa ukoo, anataka shamba lake. Kwetu shamba hujulikana ni la nani kwa kilichosimama juu yake: mgomba, mkahawa, mchikichi. Mboga haihesabiwi, leo ipo kesho imeliwa.

"Mama Elida, tuonyeshe ulichopanda," alisema Mzee Selestini.

Honorata alipiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili. "Ni huu, baba. Nilipewa changarawe."

"Udongo nao umeupanda wewe?" Wazee wakaangua kicheko.

Wakanigeukia mimi, jirani wa mpakani. "Michikichi ni ya nani?"

Ningeweza kusema ni nani aliyeilisha. Lakini Pastory alikuwa ameniahidi robo ya shamba lile, nami nilikuwa nalitamani mpaka usingizi unapaa.

"Ya Pastory," nikasema. Sikudanganya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa ninayo robo yangu. Kabichi zinafunga vizuri, sijatia hata kiganja cha mbolea. Jana asubuhi Elida alipita, jembe begani, anakwenda kibarua Kidahwe.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," nikaitikia, mikono imejaa giligilani. Kisha nikamuuliza mbona leo hajaenda shule.