Kiua cha Ziwani na Buti la Kushoto

Pale chuoni binti huyo walimwita Kiguu-na-njia, maana kumkalisha kitini ni kumpa adhabu. Asubuhi hiyo alipanda ngazi mbili mbili, tope hadi magotini, akaingia chumba cha mimea iliyokaushwa bila hata hodi.

"Nimekiona, Mzee! Kwa macho yangu haya haya!"

Mtunza chumba alikuwa mzee wa miwani mbili, moja puani, moja kichwani. "Umeona nini? Na mbona umeniletea ziwa zima sakafuni?"

"Kile cha droo ya chini!"

Kalamu ikamdondoka mzee. Droo ya chini ilikuwa na karatasi moja tu, na juu yake kiua cheupe kilichokauka, hakizidi kifungo cha shati, kilichochumwa ufukweni miaka sitini nyuma. Tangu hapo hakuna aliyekitia machoni tena.

"Kiko wapi?"

"Nyuma ya matete, pale pale wanapotaka kuchimba msingi wa gati! Mzee, ungeviona, vimekaa kwenye tope vinang'aa kama vimepigwa pasi! Nimehesabu mara tatu. Kumi na tisa!"

"Kumi na tisa," mzee akarudia, na furaha yote ikamtoka usoni.

Hapo ndipo Kiguu-na-njia alipokumbuka. Sheria ilibandikwa mlangoni tangu enzi na enzi: mmea usipofika mashina ishirini, haukatwi, hata jani. Na mhandisi wa gati naye alishasema lake: katapila linaanza saa nne, wala hasimamishi kazi kwa picha za simu. Aletewe mmea wenyewe, na sahihi ya Mtunza. Saa ya ukutani ilionyesha tatu na nusu.

"Tukate kimoja tu, Mzee wangu. Tusipokata, katapila litafagia vyote!"

"Nikikata, mimi na katapila tutatofautiana nini? Kelele tu."

"Nani atajua?"

"Wewe utatunza siri? Wewe ambaye hata maktabani wanakufukuza kwa kushindwa kunyamaza?"

Binti akacheka huku machozi yanamlenga. Alijiona kama mtu aliyepewa zawadi akanyang'anywa kabla hajaifungua.

"Na uvue hayo mabuti," mzee akasema kwa unyonge. "Angalau sakafu ipone."

Akavua la kushoto, akalipeleka dirishani alikung'ute. Mkono ukamgandia hewani. Katikati ya meno ya soli, ndani ya bonge la tope, palikuwa na kitu cha kijani.

Mzee alifika hapo kabla hajaitwa. Akachukua kibano, akakichomoa taratibu, akakitumbukiza kwenye kisahani cha maji. Mizizi ikajinyoosha. Majani yakafunguka, kisha kikachomoza kiua cheupe, kimepondeka upande mmoja tu.

"Ole wangu, nimekikanyaga! Mimi na miguu yangu!"

"Umekikanyaga, ndiyo." Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. "Kwa hiyo vilikuwa ishirini. Na hiki hakuna aliyekikata!"

Akakilaza kwenye karatasi kikiwa bado kibichi, akasaini, akabeba na ile ya droo. Wakatoka mbio, mzee na miwani zake mbili, binti peku, buti la kulia nalo kalivua na kulisahau mlangoni.

Katapila lilikuwa linanguruma tayari. Mhandisi akaweka karatasi mbili sambamba, akatazama kiua cha zamani, akatazama kipya, akarudia. Kiguu-na-njia akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Haya," mhandisi akamwambia dereva. "Zima. Gati tutalisogeza."

Injini ikanyamaza, na vyura wakasikika. Binti akaruka, akataka kuruka tena, akakumbuka viua vilivyo miguuni pake, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Mzee alikuwa amechutama, anajaza lebo. Penye mstari wa kueleza mmea ulipatikanaje, aliandika: kwa buti la kushoto.

"Na kesho," akasema bila kuinua kichwa, "huku unakuja peku."