Gari la Mkurugenzi kwa Vipimo Kamili

Mkurugenzi wa ofisi ya ramani anakaa mita mia sita kutoka kazini na kila asubuhi huja kwa gari. Mchora ramani wake anakaa mtaa huohuo, huja kwa miguu, na humtangulia kwa dakika tisa. Basi akaanza kuchora katuni na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo: foleni, honi, na bwana aliyefunga mkanda ili aende mahali anapopaona.

Watu walicheka mpaka lilipotoka tangazo. Kijia cha waenda kwa miguu kando ya lango kingefungwa Jumatatu, kiwe maegesho ya mkurugenzi. Wafanyakazi thelathini na mmoja wangezungukia nyuma, kwenye barabara ya malori. Mmoja wao, mama wa mapokezi, anatembea kwa magongo.

Katuni iliyofuata ilionyesha gari likikila kijia kwa kijiko. Mchoraji akaitwa.

"Dada, hii ni dharau."

"Ndiyo, bosi. Hicho kijia tunakihitaji."

"Kijia gani? Nasema gari! Umenichorea kikopo cha samaki. Langu umeliona lilivyo?"

"Sina vipimo vyake."

"Na kazi yako ni nini hapa? Kapime, ulichore kama lilivyo!"

Akapima. Gari, pamoja na vioo vya pembeni: mita mbili na sentimita tano. Akapima na kijia, ukuta hadi ukuta: mita mbili na sentimita kumi. Akachora kwa skeli, bila kutia chumvi. Picha ya kwanza, gari limeingia. Ya pili, mlango umefunguka upana wa kiganja. Ya tatu ni saa saba mchana, na mkurugenzi bado yumo ndani, anapiga honi aletewe chai.

"Hili sasa ndilo gari," mkurugenzi alisema. Alipofika picha ya tatu alichukua futi, akatoka.

Ofisi nzima ilihamia madirishani.

"Kapima mara tatu," alisema mama wa mapokezi. "Anadhani ukuta utamwonea haya?"

Alasiri likatoka tangazo jipya: kwa kujali usalama wa waenda kwa miguu, uongozi umeamua kijia kibaki wazi. Mkurugenzi akamwita tena mchoraji. Aliitaka picha ya kwanza, ikatwe peke yake, aitie fremu.