Mgeni Aliyeoneshwa Vyumba Vyote

Ogeto alianza kupokea simu zake katikati ya shamba la chai. Hapo ndipo hofu ya Bochaberi ilipoanza, na tusimcheke, maana mwanamume mwenye sebule ya vigae na viti vya kukalisha nusu ya kanisa, akayaacha yote hayo akaenda kuchuchumaa kwenye umande ili aongee, huyo ana jambo. Akirudi ndani alikuwa kijivu usoni. Akiulizwa, alijibu kwamba ni watu wa kazi. Kazi gani? Ogeto alikuwa mkandarasi, mjenzi wa madarasa na makalavati ya barabarani, na ilikuwa zamani tangu mtu amwone na saruji kwenye viatu.

Bochaberi aliwaza mwanamke. Alimtafuta kwenye kola za mashati na kwenye safari za Kisii mjini, asimpate. Hilo likamtisha zaidi. Mwanamke angalau ana jina na mahali anapoishi, na mwenzake anaweza kufunga leso kiunoni akamwendea. Hiki kilichokuwa kinamla mumewe hakikuwa na jina, nacho kilimfuata hadi mezani. Ogeto, mtu ambaye zamani alimaliza obokima, ugali wa nyumbani kwao, na kukwangua sufuria, sasa alikuwa akimega kipande kimoja na kukizungusha vidoleni hadi kinapoa.

Walikuwa wamehamia Nyansiongo kutoka Ogembo, ambako sehemu ya Ogeto katika ardhi ya baba yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ng'ombe akigeuka, mkia unaingia kwa jirani. Huku walipata nyumba ya mawe, chai nyuma, mahindi pembeni na kipande kizuri kinachoangalia barabara. Siku ya kuombea nyumba, mchungaji aliomba kwa muda mrefu mpaka chakula kikapoa, kisha Ogeto akasimama na kusema Mungu amewapa makao. Benki haikutajwa. Bochaberi alikumbuka kupelekwa kwa wakili mjini Kisii na kutia sahihi kila alipooneshwa kwa kidole. Mumewe alimwambia ni mambo ya kununua shamba, naye hakuuliza, kwa sababu kichwa chake siku hiyo kilikuwa kimejaa mapazia. Hati ya shamba hakuwahi kuiona kwa macho. Aliamini imo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na sanduku hilo hakuwahi kulifungua.

Basi Ijumaa moja, akiwa katika pilika za kujiandaa kwa Sabato, alimwona mwanamume amesimama langoni. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa. Aliangalia paa, akaangalia mpaka, akarudia paa. Moyo wa Bochaberi ukaruka, halafu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, ukatulia.

Binti yao Lavender alikuwa anamalizia chuo cha ualimu, na alikuwa amedokeza habari za kijana mmoja wa Ekerenyo. Kwa Abagusii, ndoa haianzi na wazazi. Inaanza na esigani, mtu wa kati, anayetumwa kuja kulichungulia boma la binti. Hutazama kama watu wale ni safi, kama ni wakali, kama wana ugonjwa wa ukoo, kama wana madeni. Na mwenye boma hamuulizi nani amemtuma. Kuuliza ni kukosa adabu, ni kuonyesha kwamba una njaa ya ng'ombe wa mahari. Bochaberi akaunganisha mambo yote kwa dakika moja. Zile simu za kwenye chai, kumbe Ogeto alikuwa anaongea na wakwe! Alitaka kujicheka. Akafungua lango hadi mwisho.

Mgeni alitaja jina lake, Thadeus, akaingiza mkono mfukoni kutoa kadi. "Mama, mimi nimetumwa kuja ku—"

"Baba, kwanza ukule," Bochaberi alimkata, huku akiusukuma ule mkono urudi mfukoni. "Kwa hii boma mgeni haulizwi kazi yake na tumbo tupu."

Mtu yule alisema kwamba mzee wa boma alikuwa amearifiwa kwa simu. Bochaberi akatabasamu. Alijua. Akamwandalia mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha, na obokima wa wimbi, na alipomaliza kula akampitisha nyumba nzima. Alimwonesha dari ya mbao ambayo haijawahi kuvuja. Alimwonesha tangi la maji, choo cha ndani, makabati ya jikoni, hata chumba cha kulala ambacho wageni wengine hawakuwahi kuuona hata mlango wake. Alipoona mgeni anapiga picha kwa simu, alisogeza kiti ili picha ipendeze. Alisema ukuta huu ni wa mawe ya kuchonga, gusa. Mgeni akagusa. Alipoaga alisema kwamba hajawahi kupokelewa vizuri namna ile, na alikuwa na uso wa mtu mwenye haya. Bochaberi alidhani ni heshima.

Sabato ilipokwisha alimpigia Lavender simu, akampa habari huku akicheka. Lavender naye alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema watu wa Ekerenyo hawajamtuma mtu. Baba wa kijana alikuwa mgonjwa, na walikuwa wamekubaliana kungoja Lavender amalize chuo.

"Mama," Lavender aliuliza, "huyo umemfungulia nyumba ni nani?"

Bochaberi alikaa kwenye kiti kilekile alichokisogeza kwa ajili ya picha. Alihesabu mambo aliyomwonesha yule mtu: madirisha, milango, mahali pa funguo, chumba anacholala. Wezi, aliwaza. Ogeto alipoingia akamweleza, akitegemea kwamba mumewe atapiga kelele na kutafuta panga. Ogeto hakupiga kelele. Hakuuliza hata mtu huyo ni nani. Aliuliza tu kama alipiga picha. Kisha akatoka akaenda kwenye chai, na safari hii hakuwa ameshika simu.

Hapo Bochaberi akaogopa sawasawa. Angekuwa mwizi, Ogeto angeuliza sura yake. Mumewe alikuwa anamjua yule mgeni kuliko yeye aliyempakulia chakula.

Wiki zilizofuata, barabara ikawa na macho. Magari yalifika mbele ya lango yakapunguza mwendo. Mume na mke mmoja walishuka wakapima upande wa barabara kwa hatua zao, wakibishana kama mahali pale panatosha duka. Mama mwingine alisimama nje ya ua akauliza, kwa sauti ya kistaarabu kabisa, kama tangi litabaki na nyumba. Bochaberi aliingia ndani akafunga mlango. Alianza kufunga lango kwa kufuli mchana. Jirani yao Machogu, ambaye kwa kawaida humwambia mtu habari zake kabla hazijatokea, sasa akikutana naye aliangalia chini na kuuliza hali ya ng'ombe. Kila mtu alijua. Alikuwa kama mgonjwa ambaye watu wamekubaliana asiambiwe.

Aliyemwambia hakuwa mtu wa kanisa lake wala wa ukoo wake. Alikuwa Mohamednoor, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Kisii mjini, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alisimama nje ya lango, akakataa kuingia hata alipokaribishwa.

"Mama, unisamehe nikikuuliza," alisema. "Nyinyi mnajua hii nyumba inapigwa mnada?"

Bochaberi alishika kufuli kwa mikono miwili. Alisikia mtu akisema hapana, hatujui, na sauti ile ilikuwa yake.

Mohamednoor akashusha pumzi. Alieleza kwamba tangazo lilikuwa gazetini na kwamba Thadeus alikuwa mthamini wa benki, aliyetumwa kuikadiria bei. Yeye mwenyewe alikuwa na nia ya kununua. Lakini zamani aliwahi kununua nyumba ya mnada bila kuwaona waliokaa ndani, akaja kukuta mama na watoto waliokuwa hawajui lolote, na kesi ikamla miaka. Tangu hapo haongezi bei kwenye nyumba ambayo hajaongea na mama anayekaa ndani yake.

"Mimi ni mnunuzi, mama, kwa hivyo haya sikuambii kwa faida yangu," alisema. "Usingoje siku ya mnada. Enda benki na mzee wako, muwaambie ukweli wote. Uliza kama mnaweza kuuza kipande nyinyi wenyewe. Bei ya mnada ni bei ya kilio."

Bochaberi alimkuta Ogeto kwenye chai, amekaa chini kati ya mistari miwili, magoti kifuani. Alikuwa amejiandalia maneno makali njia nzima. Alipomwona vile, huruma ikamwingia kwanza, na hasira ikaja nyuma yake.

Ogeto alimwaga yote. Nyumba ilinunuliwa kwa mkopo, hati ilikuwa benki tangu siku ya kwanza, na ile sahihi aliyotia kwa wakili ilikuwa ya mke kukubali makao yake yawekwe dhamana. Kisha kazi moja kubwa ikakataa kulipa. Benki ilipiga simu, akabadilisha laini. Waliipata na hiyo. Zilikuja barua, za kwake na za mkewe, akazichukua posta na kuzitia motoni kabla hajafika nyumbani.

"Nilifikiri nikipata kazi moja tu nitalipa yote," alisema. "Na wewe hungejua."

"Na siku wangekuja kunitoa? Ningejua ama nisingejua?"

 Ogeto alianza kulia bila sauti, mtu mzima, na Bochaberi alimchukia kwa hilo na wakati huohuo akataka kumfuta uso. Aligeukia nyumba. Paa lilikuwa linang'aa juani kama kawaida.

"Simama uvae viatu," alisema. "Tunaenda benki."

Pale benki walipokewa na afisa mwanamke mdogo kuliko Lavender, au ndivyo alivyoonekana. Hakuwafokea. Alisema kama wangekuja mwezi uleule wa kwanza wa kukwama, angeyagawa malipo yakawa madogo, na hata baada ya hapo kulikuwa na nafasi nyingi, kila moja iliandikwa kwenye barua. Bochaberi hakumtazama mumewe. Sasa tangazo lilikwisha kutoka na mnada ungeendelea. Lakini sheria hairuhusu nyumba kutupwa kwa bei yoyote, afisa aliongeza. Kuna bei ya chini, nayo inatokana na makadirio ya mthamini, na mnunuzi asipoifikia, nyumba haitauzwa, na wao waje kesho yake asubuhi na mpango wa kweli mkononi. Akasita kidogo, akasema makadirio ya nyumba yao yalikuwa juu sana. Mthamini aliandika kwamba hajaona nyumba iliyotunzwa vile, ndani hadi nje.

Bochaberi alikumbuka ukuta aliousifia na kiti alichokisogeza. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeipamba nyumba kwa ajili ya dalali. Hakujua kama amejiua au amejiokoa, na usingizi ukamhama hadi siku yenyewe.

Mnada ulifanyika nje ya jengo moja Kisii mjini, jua likiwa kali, wauza ndizi wakiendelea na biashara yao hatua chache tu kutoka pale. Dalali alisoma maelezo ya nyumba kwa sauti kubwa: dari ya mbao, tangi la maji, makabati ya jikoni. Bochaberi alisikia nyumba yake ikianikwa barabarani kama nguo za ndani. Mtu mmoja mwenye kofia akataja bei. Mwingine akapanda. Yule wa kofia akapanda tena, na Bochaberi akamshika Ogeto mkono, mara ya kwanza tangu siku ile ya chai, akaubana mpaka kucha zikaingia.  Alimtafuta Mohamednoor kwa macho, akamwona nyuma kabisa, mikono yake yote miwili imeingia mifukoni.

Dalali aliita. Yule wa kofia aliongea na mwenzake, akatikisa kichwa. Watu wakaanza kunung'unika kwamba bei ya chini ni ya wazimu, nani anapima nyumba hivi. Dalali aliita tena, akangoja, akaita mara ya mwisho. Kisha akafunga faili na kusema bei haikufikiwa, akaendelea na gari la mtu mwingine.

Bochaberi alikaa kwenye ukingo wa barabara, akatapika.

Kesho yake, kabla benki haijafunguliwa, walikuwa mlangoni pamoja na Mohamednoor. Alinunua kile kipande cha barabarani kwa bei ya haki, benki ikiwa inajua kila kitu, na sehemu kubwa ya deni ikaenda na kipande hicho. Deni lililobaki likagawanywa kuwa malipo madogo, yatokane na pesa za chai na maziwa. Walibaki na nyumba. Hawakubaki na amani yote, maana hadi leo gari likipunguza mwendo pale mbele, Bochaberi huacha anachofanya.

Lavender alipomaliza chuo, mzee mmoja alikuja akasimama langoni. Aliangalia paa, akaangalia mpaka, akarudia paa. Bochaberi alikwenda hadi kwenye kufuli na mkono ukagoma.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

Mzee alishtuka, kwa kuwa hilo haliulizwi. Alisema polepole kwamba anaitwa Mokua, wa Ekerenyo. Bochaberi akaomba kitambulisho, akakisoma chote, ndipo akafungua. Mzee alikula bila maneno mengi, na alipomaliza alinawa mikono, akageukia kazi yake kama desturi inavyomtaka.

"Hii boma iko na deni?"

Ogeto aliinama. Bochaberi alimfikiria binti yake, na ng'ombe ambao huenda wasije tena.

"Iko," alisema.

 Kabla mzee hajasema lolote, simu ya Ogeto ilianza kulia juu ya meza, na kwenye kioo lilionekana jina la benki. Ogeto aliinuka. Aliutazama mlango wa nyuma unaoelekea kwenye chai. Kisha akakaa tena, mbele ya mgeni, akaipokea.