Siku Niliyoombwa Kumkana Haron

"Funga macho kidogo," msichana wa vipodozi aliniambia, na brashi yake ikapita juu ya kope zangu kama unyoya. Nilipoyafumbua, uso uliokuwa kwenye kioo ulipendeza kuliko wangu. Huo ndio uliotakiwa kusema uongo.

Tulikuwa katika studio ya televisheni, ghorofa ya juu ya jengo moja Westlands. Nyuma yangu alisimama Anita Muindi, meneja wa Haron, mwanamke wa sauti ya upole ambaye sikuwahi kumwona ameketi.

"Ni maneno machache tu, Emmah. Wewe ni mwanafunzi, uliitwa kuigiza kwenye video yake, na ile picha mlipigwa mkiigiza. Unacheka kidogo, unaenda nyumbani."

"Na Haron anasemaje?"

"Haron ndiye ameomba."

Nilimtazama Haron kupitia kioo. Alikuwa kwenye kiti cha pili, taulo shingoni, akijifanya anasoma simu. Nchi nzima ilimjua kwa jina la Mtulivu, kijana wa nyimbo za mapenzi ambaye kila msichana alidhani anaimbiwa yeye.

Mimi nilimjua kwa njia nyingine. Tulikuwa tukisomea upimaji wa ardhi katika chuo kimoja katikati ya jiji. Alikuwa amejiunga kabla ya wimbo wake wa kwanza kuvuma, na mama yake alikuwa ameapa kwamba masomo hataacha. Siku ya mazoezi kwenye uwanja wa Jamhuri nilimwona kupitia darubini ya kupimia, ameshika ufito wa kupimia wenye namba ovyo, huku wasichana wa darasa jingine wakimpiga picha.

"Wewe! Simamisha huo ufito! Unatuharibia vipimo!"

Wenzangu walishika midomo. Yeye alicheka hadi ufito ukatikisika, kisha akaunyoosha. Tulipokuwa tukikusanya vyombo alinijia, akaniita bosi kwa lugha ya mtaani. "Niaje, mdosi. Si unifundishe basi?"

Nikamfundisha. Alikuwa mzito wa hesabu, lakini hakuona haya kuuliza jambo mara ya pili, wala ya tatu. Tukapendana polepole, kwenye ngazi za nyuma ya maktaba na kwenye kibanda cha chapati ambako mwenyewe, Mama Nzau, alimjua tu kama kijana asiyemaliza maharagwe. Jumapili moja akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akaja kwetu mtaani Jamhuri. Mama alipika samaki. Baba, Dalmas Ochola, seremala aliyetoka Siaya akiwa kijana na kuzeeka na randa mkononi kando ya Barabara ya Ngong, alimuuliza swali moja tu.

"Unataka nini na msichana wangu?"

"Nampenda, mzee. Na sifichi."

Baba akamsogezea bakuli la mchuzi. Nyumbani kwetu hilo lilikuwa jibu.

Kisha mtu akatupiga picha mjini, tumeshikana mikono, akaiweka mtandaoni, na kufikia adhuhuri watu nisiowajua walikuwa wamelipima paji la uso wangu, viatu vyangu, na weusi wa ngozi yangu. *Ni huyu tu?* waliandika. Hiyo "tu" iliniuma kuliko matusi yote. Tena kulikuwa na kampuni ya manukato iliyotaka kumtumia Haron katika matangazo yake, nayo ilimtaka kijana asiye na mtu. Akaacha kupokea simu zangu. Aliyenipigia hatimaye ni Anita.

Nilikwenda Westlands kwa sababu nilitaka kulisikia jambo lile kinywani mwa Haron.

"Haron," nikasema, "ni kweli umeomba?"

Hakuinua macho. "Ni ya muda tu. Mambo yakitulia tutarudi vile tulikuwa. Emmah, nimeanza kumjengea mathe nyumba kule Kinoo. Nikianguka saa hii, nitamwambia nini?"

Sikumwona mbaya. Hofu yake ilikuwa na mama ndani yake, na kuta ambazo bado hazikuwa na paa. Lakini mimi pia nilikuwa na watu.

"Baba yangu anatazama," nikamwambia. "Ameita majirani."

Alifumba macho. Mlangoni mtu akatuita.

Taa za studio zilikuwa kali. Mtangazaji, Obuya, alinikaribisha kwa tabasamu lililoelekea kamera. "Emmah, Kenya yote inauliza. Wewe na Mtulivu, ni mapenzi ama ni video?"

Nyuma ya kamera, Anita aliinamisha kichwa kunipa ruhusa. Sentensi yake ilikuwa tayari ulimini mwangu, nyepesi, na ingetoka bila shida. Nikaimeza.

"Hakuna video," nikasema. "Mimi naitwa Emmah Ochola. Nasomea upimaji wa ardhi. Huyu alikuja kwetu, akamwambia baba yangu ananipenda. Kama amebadilisha nia, ni haki yake. Lakini aseme mwenyewe. Mimi simsemei."

Obuya aligeuka. "Mtulivu?"

Haron akafungua kinywa. Nilimngoja. Baada ya miaka yote hii bado nakumbuka nilivyomngoja, bila kinyongo, kwa moyo wote, nikimtakia neno moja.

"Emmah ni… rafiki mzuri sana," akasema.

Nikabandua kile kipaza sauti kidogo kutoka kwenye kola yangu, nikakiweka mezani taratibu kisivunjike, nikainuka.

Alinifikia mbele ya lifti, anahema. "Emmah, si ungoje tuongee!"

"Nimekungoja pale ndani, Haron."

Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wameshaondoka. Mama alinishika mkono, akaniketisha. Baba alikuwa ameizima televisheni na kuketi akiikabili kana kwamba ingali inawaka.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Kesho una darasa?"

"Ndiyo."

"Basi kula."

Haron hakurudi chuoni tena. Sura yake ilipanda kwenye mabango ya Waiyaki Way, na nyumba ya mama yake, nasikia, iliisha.

Mimi nilirudi asubuhi iliyofuata. Uso nilikuwa nimeuosha kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikakaza. Kwenye ngazi watu walinipisha kama mtu aliyefiwa, na simu kadhaa ziliinuliwa. Nilipita viti vyote vya nyuma, nikaketi mbele. Mwalimu Mwololo aliingia akaanza kuita majina, na alipofika kwangu alisita, akanitazama juu ya miwani.

"Ochola, Emmah?"

"Nipo," nikasema, kwa sauti iliyofika hadi nyuma.

Akaita jina lililofuata.