Isale la Eliamini

Mdogo wangu Eliamini ana mdomo mtamu. Nalisema hili mapema ili mtu asinishangae kwamba tulimwamini, mimi na mama, mpaka tukamkabidhi Sakaya.

Sakaya ndiye kaka yetu mkubwa. Wadachi walipomchukua kwenda kubeba mawe ya boma la Arusha, alikuwa na akili zake timamu. Aliporudi hazikuwa zote. Siku nyingine alihudumia migomba ya kihamba chake vizuri kutushinda sote; siku nyingine alikaa anaongea na mawe, anayaomba radhi, kisha anapotelea porini. Hakuwahi kumgusa mtu. Tulimzoea kama unavyomzoea mzee asiyesikia vizuri.

Kisha tarishi wa boma akapanda mlimani na amri mpya. Kila mwendawazimu apelekwe mbele ya daktari. Mwenye ndugu wa kiume wa kumdhamini atarudi kwao. Asiye naye atapelekwa mbali, Usambara, kwenye nyumba ya wendawazimu. Mama akauliza kama mzazi wa kike, au dada kama mimi, anaweza kudhamini. Tarishi alicheka tu.

Eliamini akasema atamdhamini yeye. Alikuwa amebatizwa, anajua Kiswahili, ana kanzu nyeupe. Tulimshukuru mpaka sasa naona aibu kukumbuka.

Tatizo likawa Sakaya mwenyewe. Aliposikia neno boma alikimbilia korongoni, akakataa kutoka, hata kwa chakula. Ndipo Eliamini akamwomba mama isale. Kwetu Wameru, jani hilo ndilo amani yenyewe: hata aliyekuulia ndugu akikujia nalo, humkatai. Mama alilikata kwenye mpaka wa kihamba chetu, akalipiga fundo, akampa Eliamini mkononi. Sakaya alipoliona alitoka, akalipokea kwa mikono miwili, akatufuata mpaka bomani bila kamba wala fimbo.

Daktari alikuwa na haraka. Yeye hakujua Kimeru na Sakaya hakujua Kiswahili, kwa hiyo Eliamini akasimama katikati kutafsiri. Mimi nilikuwa mlangoni. Eliamini alidhani Kiswahili changu ni cha kutaja bei ya ndizi tu, kumbe kuuza pale sokoni kulikuwa kumenifundisha zaidi ya hapo.

Daktari aliuliza nani atamtunza mgonjwa.

"Hakuna, bwana," alisema Eliamini. "Ametushinda. Anataka kutuchoma ndani ya nyumba."

Kisha akamgeukia Sakaya, akamwambia kwa Kimeru kwamba mambo yamekwisha, jioni atalala kwa mama.

Nilipiga kelele kwamba ni mwongo. Askari akanisukuma nje kwa kitako cha bunduki, na watu wa sokoni wakanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi. Sakaya alipotolewa alikuwa amefungwa mikono, na isale bado amelishika. Sakaya hakumjali askari. Alimtazama mdogo wake.

"Si umenipa isale?" aliuliza, taratibu kabisa.

Eliamini alikuwa anakung'uta vumbi kwenye kanzu yake.

Haukupita muda akaanza kupalilia kihamba cha Sakaya, kile kilichopakana na mfereji, chenye maji hata wakati wa kiangazi. Hapo ndipo tulipoelewa. Nilimchukia siku ile na namchukia mpaka leo, hata kanisani.

Habari zikaenea mlimani. Masika yaliyofuata ng'ombe wake waliingia katika maharage ya jirani yetu Elisaria wakayamaliza. Eliamini akaenda na isale kuomba radhi, kama desturi. Elisaria, mtu mpole asiyegombana na yeyote, aliweka mikono yake nyuma. Sikuwa nimewahi kusikia isale likikataliwa. Baada ya hapo hakuna aliyelipokea kutoka kwake, na hakuna aliyemwita kwenye pombe wala kwenye msiba.

Mwisho akaja kwa mama. Alipiga magoti uani, analia, isale mbele yake. Mama alilitazama kwa muda mrefu, nami nikaogopa atalichukua, maana na huyu naye alimzaa.

"Mpelekee Sakaya," alisema mama. "Yeye ndiye wa mwisho kulipokea kwako."

Akaingia ndani, akaniambia nifunge mlango.