Taa ya Kuamsha Mwili

Gakiza alilinda geti moja la Area 47, Lilongwe, usiku, mchana akakimbia mbio. Kulala hakukuwa na nafasi. Zamani hapa kambini Dzaleka mi mwenyewe nilimwona akiipita kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, kwenye mteremko wa Dowa, tena kabaza imekatika breki. Sasa alichoka hadi kivuli chake kilikuwa kinakaa chini kumngoja.

Klabu moja ya Lilongwe ilitangaza kuchagua wakimbiaji Jumamosi asubuhi. Atakayechaguliwa angepata na kazi ya mchana. Gakiza akaomba likizo ya wiki, na Sophie, muganga wa klabu, akamwazima taa: boksi bapa, linalowaka kama bati la kanisa saa sita mchana.

"Ukiamka tu, kaa mbele yake nusu saa. Mwili utajifunza kulala mapema na kuamka mapema."

Mama wa Gakiza, Thacienne, alisikiliza nusu. "Asubuhi jua iko inje, taa ya nini tena? Mwangaza ni wa kugawa na bantu."

Jioni kwaya ya kanisa ikahamia kwake, kuimba mbele ya taa hiyo. Gakiza akaketishwa mbele kabisa, kwa heshima, maana taa ni yake. Ikawa hivyo kila jioni. Jogoo wangu aliwika tukila nsima ya jioni, na Ezechiel wa sauti ya nne hajafumba macho mpaka leo.

"Papa Bisimwa, mi siko nalala," Gakiza akaniambia. "Usingizi inakuya jua ikitoka."

"Imba kwa nguvu, utachoka."

Jumamosi alikimbia macho yamefumba, nilikuwepo. Alifika mwisho waamuzi wakikunja meza, akalala palepale kwenye majani.

"Mama, taa mliwasha saa ngapi?" Sophie akauliza.

"Jioni, binti yangu. Asubuhi tungeimba na nani?"

Sophie akajibwaga kando ya Gakiza. "Basi mmeuambia mwili wake kwamba jioni njo asubuhi. Nao umesikia."

Likizo ikaisha, akarudi getini. Usiku kucha hakusinzia. Alisalimia hadi paka. Asubuhi bosi akamkuta wima, macho makavu.

"Zikomo, asante sana, Gakiza! Mlinzi kama we sijapata. Sikuachii uende popote."

Habari hiyo aliniletea aliposhuka minibasi, ameegemea mlango wangu.

"Njo kusema nimefaulu, papa?"

"Umefaulu sana. Klabu itachagua tena mwakani. Nenda ulale."

Akaondoka taratibu, akiubeba mwili wake kama gunia la mtu mwingine.