Dada Aliyekuja Kujifunza Dawa

Saa tatu asubuhi mama mmoja, fundi cherehani, alifika kliniki ya selimundu na kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na minne. Wakakuta binti yake mkubwa, aliyefariki mwaka juzi, amekwishawashikia nafasi kwenye benchi la mbele.

"Mmechelewa," alisema binti mkubwa.

"Foleni ya kadi, mwanangu."

Mama akamnyooshea kola ya gauni la njano, lile alilomshonea kwa ajili ya mazishi. Ilikuwa imekunjika upande mmoja.

Nesi aliieleza dawa mpya haraka haraka, jicho moja kwenye saa ya ukutani, maana nje kulikuwa na wagonjwa arobaini. Mama aliitikia kila neno, kama alivyozoea mbele ya watu wa hospitali. Binti mkubwa akanyoosha mkono.

"Nesi, rudia taratibu. Mdogo wangu ametoka kapa, na mama anaitikia tu."

Nesi hakukasirika. Siku za somo la dawa mpya, waliokufa kwa ugonjwa wenyewe huwa wanakuja, na ndio wenye maswali mengi. Akageuza kadi, akachora nyuma yake. Chembe ya damu ya mviringo inapita vizuri mshipani. Iliyojipinda kama mundu inakwama, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Kidonge hakimalizi ugonjwa, alisema. Kinaamsha damu ya aina ile aliyokuwa nayo mtoto kabla ya kuzaliwa, ambayo haijipindi ovyo. Kinamezwa kila siku, maji yanywewe kwa wingi, damu ipimwe kila tarehe ya kliniki. Homa ikija, waje hapohapo.

"Damu niliyokuwa nayo tumboni mwa mama?" aliuliza kitinda mimba.

"Hiyohiyo."

Mama akainamisha uso. Miaka yote aliamini kwamba alichowapa wanawe ni ugonjwa tu.

"Na hii dawa ilifika lini hapa?" aliuliza binti mkubwa.

Nesi akageuza boksi, akasoma mhuri wa stoo. "Miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa inasubiri saini ya kuitoa stoo."

"Mimi nilikuwa wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Stoo nilikuwa naiona."

"Nakukumbuka," alisema nesi kwa sauti ya chini.

Mama alimshika binti yake mkono, uliokuwa wa baridi, akausugua katikati ya viganja vyake kama alivyokuwa akifanya maumivu yalipombana. Mkono ulichelewa kupata joto. Mama hakuwa na haraka.

Kitinda mimba akameza kidonge cha kwanza. Dada yake ndiye aliyemshikia kikombe.

"Maliza maji. Nakujua ulivyo."

"Nimemaliza, Dada."

"Utarudi nasi nyumbani?" aliuliza mama.

"Hapana, Mama. Nilitaka kuelewa tu."

Mlangoni walipishana na wapagazi wawili wakisukuma maboksi ya dawa mpya ya figo kuyapeleka stoo. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba mwenye saini yuko likizo. Binti mkubwa aliyatazama maboksi mpaka yakapotea kwenye kona. Kisha akawakumbatia mama na mdogo wake, akauliza wodi ya figo iko wapi, akaenda kukaa na wagonjwa.